Kiwiko, Korosho na Sindano ya Damu Yangu Mwenyewe

Birika la chai la nyumbani kwetu Chikongola, Mtwara, linachukua lita tatu. Asubuhi moja ya Novemba, mwaka juzi, lilinishinda kunyanyua, na wala halikuwa limejaa. Vidole vilishika mpini vizuri, mkono ukapanda kidogo, kisha upande wa nje wa kiwiko cha kulia ukachoma kana kwamba mtu amepenyeza msumari wa moto kati ya mfupa na nyama. Birika likarudi mezani kwa kishindo. Mwanangu akaja, akalichukua, akanimiminia, akasogeza kikombe upande wangu wa kushoto. Hakuuliza kitu. Alikuwa ameshajua, watoto hujua mapema.

Naandika haya kwa sababu huku Kusini tupo wengi wenye kiwiko cha namna hii. Wapo wanaokuna nazi, wanaokamua mashuka, wanaobangua, wanaobeba mota ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, mafundi seremala, wachongaji. Na sasa kwenye simu zetu yanapita matangazo ya sindano ya kukijenga upya kiwiko kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Mimi nilikaribia kabisa kulipa. Tangu hapo nimesoma sana, nimeuliza sana, na leo naweza kuandika ubaoni vipindi vinne mfululizo. Nina la kusema.

Nafundisha baiolojia sekondari, hapa Mtwara mjini. Jumamosi na siku za likizo nakwenda Mikindani kwa mama, ambako yeye na akina mama wenzake wana kikundi cha kubangua korosho. Asiyewahi kubangua ajue kazi yenyewe ilivyo. Korosho zinapikwa kwa mvuke, zinaachwa zipoe, kisha zinamwagwa mezani. Mikono mnaipaka mafuta, maana ndani ya ganda, kati ya tabaka la nje na la ndani, kuna utomvu unaounguza ngozi mpaka inababuka. Mkono wa kushoto unaweka korosho moja katikati ya visu viwili vya mashine, imesimama, mgongo upande wake na tumbo upande wake. Mkono wa kulia umeshika mpini wa chuma. Unabana, unavuta, ganda linapasuka kwa mlio mdogo mkavu, na punje inatakiwa itoke nzima, kwa sababu ikivunjika bei yake inashuka. Kwa hiyo huvuti kwa nguvu tu. Unavuta na kujizuia papo hapo. Siku moja nilijihesabia dakika kumi: nilivuta mara tisini na tatu.

Ule mpini ulikuwa mwembamba, wa nondo, wala haukuwa umefungwa kitu. Nitaurudia baadaye.

Fanya hivi sasa hivi ukiwa unasoma. Weka mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama chini. Kwa vidole vya kushoto shika nyama iliyo chini kidogo ya kiwiko, upande wa nje. Halafu kunja ngumi kwa nguvu. Utasikia nyama hiyo inakaza, ingawa vidole vinakunjwa na misuli ya upande wa pili kabisa. Sababu ni kwamba kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli ya nyuma ya mkono lazima ikaze ili kifundo cha mkono kisikunjike. Misuli hiyo inajishikiza kwenye kinundu cha mfupa nje ya kiwiko kwa kano, na mzigo mkubwa unaangukia kano moja fupi, ya msuli unaonyanyua kifundo cha mkono kwenda nyuma. Eneo lenyewe si kubwa. Kidole gumba kinalifunika. Mashuka yote ya nyumbani, nazi zote, korosho zote, chaki zote, zinapita hapo.

Ndiyo maana jina ambalo maumivu haya hupewa, kiwiko cha tenisi, linapotosha. Wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi maishani. Daktari Mjerumani aitwaye Runge alieleza maumivu haya mwaka 1873 akizungumzia watu wanaoandika sana, na miaka kama kumi baadaye ndipo Waingereza walipoyafungamanisha na mchezo wa tenisi, jina likaganda. Hutokea zaidi kati ya miaka 35 na 55. Katika kila watu wazima 100, mmoja hadi watatu wanayo. Mimi nilikuwa na 43.

Sasa nieleze jambo ambalo lingeniokolea mwaka mzima kama ningelijua mapema. Nilidhani kiwiko changu kimevimba kwa ndani, kwamba kuna moto na kazi ni kuuzima. Kila niliyemwendea alidhani hivyo. Lakini mwaka 1979 daktari wa upasuaji wa Marekani, Robert Nirschl, na mwenzake walichapisha walichokiona kwenye vipande vya kano walivyovitoa kwa wagonjwa wa muda mrefu. Chini ya hadubini chembe za uvimbe zilikuwa haba. Walichokiona ni nyuzi za kano zilizovurugika, zimepoteza mpangilio, na vijishipa vipya vya damu vimechipua ovyo katikati yake.

Pale Mikindani, ufukweni, kuna madau yaliyofungwa kwa kamba za makumbi. Kamba nzima ina nyuzi zilizosokotwa zikielekea upande mmoja, na ndiyo nguvu yake. Ile iliyosuguana na jiwe miezi mingi inafumuka mahali pamoja tu. Nyuzi zinasimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, nyingine zimekatika, nyingine zimejikunja. Kamba hiyo haina moto wa kuzimwa. Imechakaa. Tofauti yake na kano ni kwamba kano ni kitu hai na kinaweza kujisokota tena, polepole mno, kwa sababu damu inayofika pale ni kidogo.

Mimi nilikwenda kuzima moto. Kwanza vidonge vya diklofenaki, vikaniumiza tumbo. Kisha kuchuliwa. Kisha, kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja, sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, palepale penye kinundu. Wallahi, siku ya kumi nilidhani nimezaliwa upya. Maumivu yalitoweka. Nilirudi mezani kwa kina mama nikabangua Jumamosi mbili nzima, tena kwa furaha ya kuwafidia siku nilizowaachia kazi. Mwezi wa tatu baada ya sindano maumivu yakarudi, makali zaidi ya mwanzo. Nikachomwa ya pili. Ikanipa wiki tano. Ya tatu ikanipa mbili, na ikaniachia alama ninayoiona mpaka leo: juu ya kinundu ngozi imepauka, duara la rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na chini yake nyama imebonyea. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu alama hiyo haijifichi. Hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kutokea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko alama yenyewe.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba yaliyonipata yanajulikana vizuri. Uholanzi, mwaka 2002, watafiti waliwagawa wagonjwa 185 makundi matatu: sindano za steroidi, mazoezi tiba, na kusubiri tu kwa ushauri. Wiki ya sita, kundi la sindano liliongoza kwa mbali, asilimia 92 walikuwa na nafuu, wakati waliosubiri walikuwa asilimia 32. Baada ya wiki 52 mambo yaligeuka: waliochomwa asilimia 69, waliosubiri asilimia 83, wa mazoezi asilimia 91. Soma tena namba hizo. Waliokaa bila kuchomwa chochote waliwapita waliochomwa. Na huko Australia, mwaka 2013, utafiti wa watu 165 uliolinganisha steroidi na sindano isiyo na dawa ulionyesha kwamba katika waliopewa steroidi zaidi ya nusu maumivu yaliwarudia ndani ya mwaka, na katika wale wengine ni kama mmoja kati ya wanane.

Nisieleweke vibaya. Wapo watu wenye sababu nzuri ya kununua wiki sita za nafuu, na waganga wanaoitoa sindano hiyo hawana nia mbaya. Ila mgonjwa aambiwe. Aambiwe kuwa baada ya wiki hizo anaweza kuwa pabaya kuliko alipoanzia, hasa akidanganywa na ganzi akarudi kuvuta mpini wa nondo kama nilivyofanya mimi.

Basi nikiwa katika hali hiyo, mwezi wa kumi na moja tangu maumivu yaanze, dada mmoja wa kikundi akanitumia video kwenye WhatsApp. Kliniki ya binafsi, Dar es Salaam. Mtu amekaa kwenye kiti cheupe, anatolewa damu, damu inaingizwa kwenye mashine, inatoka majimaji ya rangi ya dhahabu, yanachomwa kwenye kiwiko. Maneno chini ya video: mwili wako ujitibu wenyewe, bila upasuaji. Nilipiga simu. Bei niliyotajiwa kwa sindano moja ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na walishauri nijiandae kwa sindano tatu. Weka nauli ya basi kwenda na kurudi, kilomita zaidi ya mia tano kila upande, na mahali pa kulala.

Mama aliposikia alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, magunia yangu matatu yapo ghalani. Yauze." Alisema kama mtu anayekutuma dukani. Nilitoka nje nikakaa kibarazani, na usiku huo ndipo nilipoanza kusoma.

Nitaeleza tiba yenyewe jinsi ilivyo, maana wazo lake lina mashiko na mtu anastahili kulielewa kabla ya kulikataa au kulikubali. Damu yetu ina chembe nyekundu, chembe nyeupe, na chembe sahani, zote zikielea ndani ya maji ya manjano yaitwayo plazima. Ukijikata kidole ukiwa unamenya muhogo, chembe sahani ndizo zinazokimbilia pale kuziba. Zikishaziba, zinamwaga protini zinazoita chembe nyingine zije kufanya ukarabati, zinaamsha mishipa midogo iote, zinahimiza nyuzi mpya zifumwe. Kano iliyochakaa ina uhaba wa damu, kwa hiyo ukarabati huo hauji au unakuja nusunusu. Watu wakajiuliza: tukizikusanya chembe sahani kwa wingi na kuzipeleka pale wenyewe, je?

Wanachofanya ni kuchukua damu kutoka mkononi, kiasi cha vijiko vichache vya chakula, na kuizungusha kwa kasi kwenye mashine. Nzito inakwenda chini. Mrija ukitoka una matabaka: chini nyekundu ya chembe nyekundu, katikati utando mwembamba mweupe, juu plazima ya rangi ya asali mbichi. Sehemu yenye chembe sahani nyingi inavutwa kwa sindano na kuchomwa kwenye kano, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi, na sindano inatoboa kano mara kadhaa. Siku chache za kwanza maumivu huongezeka. Mgonjwa huambiwa aache diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa zinazuia kazi ileile inayokusudiwa kuanzishwa. Ni damu yako, kwa hiyo mwili hauikatai.

Je, inaponya? Hapa ndipo nilipotumia usiku mwingi, na naomba uvumilivu, kwa sababu watangazaji wanachukua utafiti mmoja wakauacha mwingine.

Mwaka 2010, Uholanzi tena, wagonjwa 100 waligawanywa: nusu plazima yenye chembe sahani, nusu steroidi. Baada ya mwaka, asilimia 73 ya waliopata plazima walihesabiwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 49 ya steroidi. Huu ndio utafiti unaotajwa kwenye matangazo mengi, na ni wa kweli. Lakini angalia mpinzani aliyeshindwa ni nani. Ni steroidi, ileile ambayo tumeona mwisho wa mwaka inawaacha watu nyuma ya waliosubiri tu. Kumshinda mkimbiaji aliyevunjika mguu hakukufanyi kuwa na kasi. Nilipolitambua hilo nilisimama, nikaenda kunywa maji.

Swali la haki ni plazima dhidi ya kitu kisicho na dawa. Denmark walilifanya mwaka 2013 kwa watu 60: kundi moja plazima, moja steroidi, moja maji ya chumvi. Miezi mitatu baadaye maumivu ya makundi yote matatu hayakupishana kwa maana yoyote. Marekani, mwaka 2014, wagonjwa 230. Wengine walitobolewa kano kwa sindano yenye plazima, wengine walitobolewa bila plazima. Wiki ya 12 hakukuwa na tofauti ya kuaminika. Wiki ya 24 waliopata plazima walikuwa asilimia 84 na wenzao asilimia 68. Utaona kwamba hata wasiopata plazima, theluthi mbili walikuwa na nafuu. Kisha mwaka 2021 kikundi cha Cochrane, wanaokusanya na kupima tafiti za tiba duniani, walijumlisha tafiti 32 zenye wagonjwa zaidi ya 2,300 na kuhitimisha kwamba sindano za damu ya mgonjwa au za plazima huenda hazileti nafuu ya maana kupita sindano ya bandia, wala haziongezi kazi ya mkono.

Kuna watu makini wanaopinga hitimisho hilo. Wanasema plazima haziandaliwi kwa namna moja: mwingine anaacha chembe nyeupe, mwingine anaziondoa, mwingine anachoma mara moja, mwingine mara tatu, na kuzijumlisha zote ni kama kuonja pilau za jikoni kumi na kusema pilau haina ladha. Nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Ila mtu anayetaka magunia matatu ya mama yangu ndiye anayepaswa kunionyesha kwamba pilau yake ndiyo yenyewe.

Mengine nitayapitia upesi. Kuna kuchoma damu nzima bila kuizungusha, bei nafuu, na ushahidi wake uko palepale. Kuna maji ya sukari, dekstrosi, yanayochomwa ili kuuchokoza mwili ukarabati. Tafiti ni chache na ndogo. Kuna mashine ya mawimbi ya mshtuko, matokeo yanagongana. Na kuna seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ambazo kwa kiwiko bado ziko kwenye majaribio, kwa hiyo ukiona kliniki inaziuza kama dawa iliyokwisha kuthibitika, funga pochi yako. Upasuaji upo, kwa wachache ambao baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya tiba nyingine bado hawajiwezi.

Kilichonibadilisha mimi ni chumba kidogo chenye feni moja, kwenye hospitali ya serikali, na kijana wa fiziotherapia ambaye alinikuta nimekaa na faili langu la risiti. Hakutazama faili kwanza. Aliniambia, "Mwalimu, ninyanyulie kiti hicho, kiganja kiangalie chini." Sikuweza. "Sasa kiganja kiangalie juu." Nikakinyanyua. Akaninyoosha kidole cha kati, akakibonyeza kwenda chini huku mimi nikipinga, na msumari ukachoma palepale kwenye kinundu. Akanipima shingo pia, akaigeuza huku na huku, kwa sababu neva iliyobanwa shingoni inaweza kuleta maumivu ya kiwiko, na hapo hakuna sindano ya kiwiko itakayosaidia. Kisha akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akanipa.

"Hii ndiyo dawa yako," akasema. Nilitaka kulia, si kwa furaha.

Wiki mbili za kwanza nilishikilia tu. Mkono mezani, kiganja chini, kifundo nje ya ukingo, chupa mkononi, bila kusogeza, sekunde 30 hadi 45, mara tano. Baadaye nikaanza kushusha. Mkono wa kushoto unasaidia kupandisha kifundo, kisha wa kulia peke yake unashusha chupa polepole kwa hesabu ya moja mpaka tano. Mara 15, pumzika, tena, tena. Kila siku. Nikizoea, chupa ya lita moja. Kano inahitaji kuvutwa kwa mzigo inaoumudu ndipo nyuzi zake zijipange upya kuelekea upande mmoja. Ukiiacha imelala inazidi kunyong'onyea, ukiitwisha ghafla inafumuka. Alinifundisha kupima maumivu kwa kumi: yakiwa matatu au manne wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa, endelea. Yakizidi hapo, punguza maji kwenye chupa. Hilo la kupunguza maji nalipenda sana. Hakuna mashine ya kliniki inayoweza kupimwa kwa tone namna hiyo.

Wiki ya tano nilikata tamaa. Niseme ukweli, hakukuwa na badiliko lolote ninaloweza kulionyesha, na ile video bado ilikuwa kwenye simu. Wiki hiyo nilikuwa nimekwenda Newala kwa msiba, nikamkuta mjomba.

Mjomba wangu ni mchongaji. Alichonga Mwenge, Dar es Salaam, miaka mingi kabla ya kurudi kijijini, na kazi yake ni mpingo, mti mgumu hata ukiutupa majini unazama. Nilimsalimia kwa mkono wa kushoto nikiukinga wa kulia, akaona.

"Marahaba, mama. Mkono una nini?"

Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na tezo. Mpini wake ulikuwa mnene, umeviringishwa mpira wa tyubu ya baiskeli mara kadhaa, umeng'aa kwa jasho. Akaniambia kiwiko chake kilimshika akiwa Mwenge, na kwamba alikuwa na watoto wanne na hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo aliongeza unene wa mpini ili asibane sana, akaacha mpingo, akachonga mti laini, vitu vidogo vya kuuza kwa watalii, vijiko, vibakuli. Polepole akarudi kwenye mti mgumu. "Ilichukua muda gani, mjomba?" Akafikiri. "Mwaka na ushee." Alijishika kiwiko, akakikunja, akakikunjua. "Kilikwenda chenyewe. Sikumbuki siku yenyewe."

Hakuna aliyemwambia habari za kano. Lakini alifanya yaleyale: alipunguza mzigo bila kuuacha, akaupandisha kidogokidogo, akabadili namna ya kushika. Na muda alioutaja unafanana na vitabu, maana wengi wenye tatizo hili hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja hivi hata bila tiba kubwa, ingawa wapo wachache linaowaganda kwa miaka.

Nilirudi Mtwara na kipande cha tyubu. Jumamosi iliyofuata nilifunga mpini wa mashine yangu pale Mikindani, kisha kina mama wakataka na yao ifungwe, tukamaliza tyubu mbili. Tukakubaliana kupeana zamu: saa moja kubangua, saa inayofuata kumenya ganda laini la ndani au kuchambua. Ndoo nikabeba karibu na mwili, kiwiko kimekunjwa. Nguo nikaacha kuzikamua kwa kuzinyonga, nazitundika zikichuruzika. Jua la Mtwara linamaliza kazi.

Badiliko lilikuja wiki ya tisa, kimya kimya. Nilikuwa naandika ubaoni mchoro wa figo nikafika mwisho wa mchoro ndipo nikakumbuka kwamba nina kiwiko. Wiki ya kumi na nne nilinyanyua birika. Bado asubuhi za baridi za Julai kiwiko huwa kinanichoma kidogo, na chupa sijaiacha.

Siwezi kuapa kwamba mazoezi ndiyo yaliyoniponya wala si miezi iliyopita. Hata watafiti wanasumbuka kutenganisha vitu hivyo viwili, na ndiyo sababu ileile inayofanya sindano ya dhahabu ionekane inafanya kazi: mtu anafika kliniki akiwa mwezi wa kumi wa ugonjwa unaoelekea kupungua wenyewe, anachomwa, anapona, anasifu sindano. Tofauti ni kwamba chupa ya maji haikumgharimu mama magunia.

Kama umefanya mazoezi kwa uaminifu miezi mitatu hadi sita, umebadili kazi, shingo imepimwa, na bado huwezi kushika kikombe, na pesa unayo bila kuuza shamba, sitakuzuia usiende kuchomwa plazima. Uliza maswali. Je, wanatumia altrasaundi kuona kano? Mrija wa damu yako unaandikwa jina mbele ya macho yako, na vifaa vinafunguliwa vipya mbele yako? Maana damu ya mtu mwingine ikiingia kiwikoni mwako kwa makosa, kiwiko hakitakuwa tena tatizo lako kubwa. Watu wenye chembe sahani chache, wenye maambukizi, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu au wenye saratani waseme mapema. Na uulize: baada ya sindano nitafanya mazoezi gani? Asiyekuwa na jibu la swali hilo, mwachie sindano yake.

Wiki iliyopita nilikuwa Mikindani. Yule dada aliyenitumia video alikuja kunikalia karibu, simu mkononi, akanong'ona kwamba sasa ni zamu yake, wiki ya tatu hawezi kukuna nazi, na mumewe amekubali wauze korosho zao mapema. Anaomba namba ya kliniki. Nilimsogezea kiti cha plastiki, nikamwambia akinyanyue, kiganja kiangalie chini. Uso wake ukakunjamana, nikajua ni palepale. Tukakubaliana Jumatatu nitamsindikiza kwenye chumba chenye feni, nina kipindi saa nne tu. Kisha nikamkatia tyubu, tukaenda pamoja kufunga mpini wake.